Walioketi na Waliosimama

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, na Nairobi yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka sita. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika hapo mwishoni mwa Mei 1899 ilikuta nyika tambarare, kinamasi, na mto wa maji baridi ambao Wamaasai walinyweshea mifugo yao. Wahandisi waliweka karakana, bohari na mahema; nyuma yao wakaja wenye maduka. Mwaka 1902 serikali iliuteketeza kwa moto mtaa wa biashara wa Wahindi kwa sababu ya tauni. Masika yakianza, barabara ziligeuka matope ya kunasa magari ya ng'ombe. Katika mji wa namna hiyo ndimo ilimojengwa hoteli ya mawe yenye paa la vigae, vitambaa vyeupe mezani, na veranda iliyotazama njia.

Waanzilishi wake, Meja C.G.R. Ringer na R. Aylmer Winearls, walijua walichokuwa wakikitegemea. Kamishna Charles Eliot alikuwa ameanza kuwaalika Wazungu kutoka Uingereza na Afrika Kusini waje kuchukua mashamba katika nyanda za juu, ili reli iliyogharimu mamilioni ya pauni ipate mzigo wa kubeba. Wageni hao wangeshuka kwenye treni, wangengoja kwa majuma ofisi ya ardhi iwapimie mashamba yao, na wakati huo wote wangetaka mahali pa kulala, kula na kunywa. Norfolk ilijengwa kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa bado hawajapanda meli.

Katika kuieleza Kenya ya walowezi nimeona nianzie mezani kabla ya kufika kwenye sheria, kwa sababu mezani mambo yalikuwa wazi zaidi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliandikwa kwa lugha ya mawakili. Ukumbi wa kulia haukuhitaji wakili. Mtu akichungulia tu aliona nani ameketi na nani amesimama, na mpangilio huo ulishikiliwa kwa zaidi ya miaka hamsini, tena kwa ukali ambao vifungu vingi vya sheria havikuupata.

Norfolk haikuwa ya kwanza. Kabla yake palikuwa na duka la Tommy Wood katika Mtaa wa Victoria, ambao leo ni Mtaa wa Tom Mboya. Wood aliuza bidhaa na pia alikuwa na vyumba vya kulaza wageni. Katika mtaa huohuo, mwaka 1902, mwanamke aitwaye Mayence Bent alianzisha hoteli aliyoiita Stanley, kwa jina la yule msafiri Henry Morton Stanley. Moto mkubwa wa 1905 uliiunguza. Bi Bent hakukata tamaa. Alihamia jengo jingine, na mwaka 1913 yeye na mumewe, Fred Tate, walifungua New Stanley kwenye pembe ya barabara mbili ambazo zilikuja kuitwa Delamere Avenue na Hardinge Street. Inasimuliwa kwamba magodoro ya awali ya Bi Bent yalishonwa na kijana Myahudi mzaliwa wa Lithuania, Abraham Block, aliyekuwa amefika kutoka Afrika Kusini mwaka 1903 bila mali ya kutajika, akayajaza nyasi kavu. Mwaka 1927 Block aliinunua Norfolk. Mwaka 1947 familia yake ikainunua na New Stanley.

Hadithi ya Block husimuliwa mara nyingi, na inastahili. Nasikitika tu kwamba wenzake wengi waliozisimamisha hoteli hizo hawakupata msimulizi. Mawe yalichongwa na mafundi wa Kihindi, na waliobeba mawe hayo walikuwa vibarua wa Kikuyu na Kikamba. Wagoa waliokuwa wamezoea majiko ya melini walisimamia majiko ya nchi kavu na kutunza madaftari ya akiba. Wenye maduka ya Kihindi walileta sukari, mchele, mafuta ya taa, sabuni na vitambaa. A.M. Jeevanjee, tajiri aliyejenga sehemu kubwa ya mji na kuupa bustani ambayo hadi leo inabeba jina lake, aliteuliwa mwaka 1909 kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Mhindi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Aliweza kuketi bungeni na Wazungu. Katika klabu zao hangeweza kuketi nao kula.

Kwa walowezi wenyewe, Norfolk ilipewa jina la utani: Baraza la Mabwana, kama lile la bunge la Uingereza, kwa sababu ya wingi wa watu wenye vyeo vya kurithi walioshinda kwenye veranda yake. Ulikuwa utani wenye ukweli mwingi ndani. Mwaka 1902 Wazungu wachache walikutana kwa Wood na kuunda chama cha kuhimiza uhamiaji wa Wazungu na kupinga ule wa Wahindi. Tangu hapo siasa ya walowezi haikutoka hotelini. Malalamiko dhidi ya gavana, mipango ya kuibana serikali itoe vibarua wengi zaidi kwa ujira mdogo zaidi, madai ya kuhodhi nyanda za juu, yote yalizungumzwa kwenye viti vya veranda kabla ya kuandikwa kwenye karatasi. Lord Delamere, aliyefika nchini mara ya kwanza mwaka 1897 na kuhamia moja kwa moja mwaka 1903, alikuwa kinara wao hadi alipofariki mwaka 1931. Vituko vyake vya hotelini, kupiga taa risasi, kumfungia meneja chumba cha nyama eti kwa kutaka kufunga baa mapema, vimesimuliwa kwa kicheko katika vitabu chungu nzima. Sijaona kitabu kinachouliza nani aliokota vile vioo asubuhi.

Msomaji wa pwani anaijua baraza ya nyumba ya mawe kule Lamu au Mombasa: benchi la chokaa lililo nje ya mlango, ambapo mwenye nyumba huketi na jirani, mgeni na mpita njia, kahawa ikizunguka. Veranda ya Norfolk nayo ilikuwa nje, nayo ilielekea njiani, lakini kazi yake ilikuwa kinyume. Ilimpa aliyeketi nafasi ya kumtazama apitaye, na kumwonyesha apitaye kwamba hana ruhusa ya kupanda ngazi. Mbele ya hoteli zilisubiri rikisho, vigari vya magurudumu mawili vilivyokokotwa na wanaume wa Kikuyu, na hao ndio walioiona veranda kila siku wasiikanyage.

Machi 1907 watatu miongoni mwa wakokota rikisho walidaiwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamewabeba, mmoja wao akiwa dada yake Ewart Grogan. Grogan alikuwa rais wa Chama cha Wakoloni. Hakwenda polisi. Aliwapeleka watu wale mbele ya jengo la mahakama, kundi la Wazungu likamzunguka, naye akawachapa kiboko hadharani, hakimu akiwa hapohapo akijaribu kumzuia. Alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, ambacho hakukitumikia katika jela ya kawaida. Alikaa katika nyumba kilimani. Grogan huyuhuyu ndiye, miaka ya 1920 ikielekea kwisha, aliyejenga Torr's, hoteli ya matofali mekundu upande wa pili wa njia kutoka New Stanley, ikapata sifa kwa ukumbi wake wa dansi na chai ya alasiri. Kwa miaka mingi watu wa mji huo walicheza dansi katika jengo lake, na habari ya kiboko ikabaki kuwa moja ya hadithi za ujana wa mzee mashuhuri.

Sasa tutazame waliosimama.

Picha za zamani za kumbi hizo zinafanana. Wageni wameketi, na nyuma yao, wamepangwa ukutani, wanaume wenye kanzu nyeupe hadi kwenye vifundo vya miguu, mshipi wa rangi kiunoni, tarbushi nyekundu kichwani, miguu mitupu. Kanzu ilikuwa vazi la heshima pwani. Muungwana aliivaa kwenda msikitini, harusini na kwenye maulidi. Kadhi aliivaa akikaa kuhukumu. Ilipigwa pasi na kushonwa darizi shingoni kwa subira kubwa. Wazungu walipoanza kuajiri watumishi, wengi wa awali walitoka Mombasa na Zanzibar, wakaja na kanzu zao. Baadaye waajiri wakamvika kanzu hiyohiyo kijana wa Kiambu, wa Maragoli au wa Machakos ambaye hakuwahi kuiona bahari. Vazi la muungwana likawa sare ya mtumishi, na hata alipozeeka aliyelivaa aliendelea kuitwa boi. Hili naliona kuwa dhuluma yenye kina, kwa sababu lilichukua alama ya heshima ya watu na kuifanya alama ya utii mbele ya macho yao.

Alipotoka nje ya lango, mtumishi alivaa kitu kingine. Kuanzia mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka kumi na sita au zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kazi, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kupata kazi kwingine, na akiondoka bila ruhusa alitafutwa kama mhalifu. Meneja wa hoteli aliyekasirishwa na supu iliyopoa alikuwa ameshika mkononi riziki ya mtu kwa miezi ijayo.

Wala watumishi hao hawakuja kwa kuvutiwa na taa za mji. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne, na ilipaswa kulipwa kwa fedha taslimu. Mtu mwenye mbuzi, shamba la mtama na familia nzima, lakini asiye na rupia mkononi, alilazimika kwenda kuitafuta kwa Mzungu. Na hapa pana jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Fedha taslimu zilidaiwa kwa maskini tu. Walowezi wenyewe waliishi kwa mkopo. Mlowezi alikunywa, akala, akalaza farasi wake, kisha akatia sahihi kwenye chiti, yaani hati ya deni, na kwenda zake. Chiti zilikusanywa mwisho wa mwezi, zikangoja mwisho wa mavuno, zikangoja mwaka ujao. Delamere mwenyewe aliishi na madeni makubwa kwa miaka mingi. Wenye maduka wa Kihindi walingoja, benki zilingoja, hoteli zilingoja. Mkusanya kodi ya kibanda hakungoja.

Katika wiki za mbio za farasi mji ulijaa kupita kiasi. Walowezi walishuka kutoka Naivasha, Njoro na Thika, kwa treni, kwa farasi na kwa magari ya ng'ombe. Waliokosa vyumba walipiga hema au walilala kwenye veranda. Walikula walichokilima na walichokileta. Unga wa ngano ulitoka katika kampuni ya Unga, ambayo Delamere aliianzisha mwaka 1908. Nyama ya nguruwe ilitoka katika kiwanda cha Uplands, juu ya Limuru, na baada ya 1925 siagi ilitoka kwa ushirika wa maziwa wa KCC. Hata samaki aina ya trauti aliyeletwa mezani alikuwa mgeni: mayai yake yalitolewa Uskoti na kutiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, mwaka 1905, kwa juhudi za Grogan yuleyule. Sahani ya chakula cha jioni ilikuwa ramani ya uchumi wa walowezi. Kila kilichokuwamo kililindwa na bei ya reli, kodi ya forodha au mkopo wa serikali, na kila kilichokuwamo kililimwa, kilikamuliwa au kilibebwa na mtu asiyeruhusiwa kukila pale.

Mwaka 1922 unaonyesha hayo yote mahali pamoja. Tarehe 14 Machi polisi walimkamata Harry Thuku, karani wa simu katika ofisi ya Hazina, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameanzisha chama cha kupinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi mashambani. Walimweka katika kituo cha polisi kilicho hatua chache kutoka Norfolk. Watu walianza kukusanyika. Tarehe 16 maelfu walikuwa wamekaa mbele ya kituo, wafanyakazi wa mji wakiwa wameacha kazi: wapishi, matarishi, wakokota rikisho, yaya. Wazee waliotumwa kuongea na serikali waliporudi wakiwataka watu watawanyike, mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue nguo hiyo na wampe yeye suruali zao. Kwa Wakikuyu hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo kwa mwanamume. Umati ulisonga mbele. Polisi walifyatua risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Hesabu ya serikali ilifika watu ishirini na kitu. Waafrika waliowapokea maiti walisema walikuwa wengi zaidi ya hapo. Simulizi iliyobaki kwa watu wa Nairobi, na ambayo wanahistoria wengi wameipokea, inasema kwamba Wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk nao walichukua bunduki zao na kupiga. Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti, glasi pembeni, waliwapiga risasi waliokuwa wakikimbia. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu na hakuachiliwa hadi miaka minane au zaidi kupita. Hoteli iliendelea kuhudumia. Mtu aliyeitoa kahawa asubuhi iliyofuata huenda alikuwa na ndugu katika chumba cha maiti, na kikopo cha bati shingoni kikimwambia abaki kazini.

Desemba ya mwaka huohuo ndugu wawili, George na Charles Hurst, walipeleka makreti kumi ya bia yao ya kwanza kwenye hoteli ya Stanley. Ndiyo mwanzo wa Kenya Breweries. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu, na bia ikapewa jina la Tusker. Leo chupa hiyo ni kitambulisho cha nchi, na wanaoinywa wengi hawajui kwamba kwa robo karne ya kwanza Mwafrika alikatazwa kuinywa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1947. Yeye alitengewa pombe ya kienyeji katika kilabu cha manispaa kule Pumwani, mtaa wa Waafrika, na faida yake iliingia katika mfuko wa halmashauri kugharimia huduma za Waafrika wenyewe. Wahudumu wa Stanley waliifungua Tusker, waliimimina, waliifuta povu. Kuionja kulikuwa kosa la jinai.

Zamu ilipokwisha, walikwenda kula Pumwani au Pangani, kabla Pangani haijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Huko wanawake, wengi wao Waislamu waliojijengea nyumba zao wenyewe, walipika chai ya maziwa, maharagwe na mandazi, wakapangisha vyumba na kukopesha waliokwama. Hizi nazo zilikuwa hoteli za Nairobi, na zilikuwa na jambo ambalo Norfolk haikulijua: Mluya, Mkikuyu, Mnubi, Mkamba na Mswahili walikaa benchi moja. Lugha iliyosikika pale ilikuwa Kiswahili chenye uhai, chenye utani na mafumbo. Kile Kisetla, Kiswahili cha walowezi cha amri tupu, lete hiki, ondoa kile, kilibaki mjini kwa wenyewe.

Jikoni ndiko kulikokuwa na ujuzi ambao haukuthaminiwa kwa jina lake. Tunamjua mpishi mmoja kwa sababu mwajiri wake alikuwa mwandishi. Kamante Gatura alifika kwa Karen Blixen, kwenye shamba la kahawa chini ya Ngong, akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, na akawa mpishi ambaye wageni walisafiri kutoka mjini kuja kula chakula chake. Mwaka 1928 Mwanamfalme wa Wales alikula pale na kusifu mchuzi. Kamante hakujua kusoma. Kila pishi alilofundishwa alilitia akilini kwa tukio la siku ile alipolijifunza: mchuzi mmoja ulikuwa wa siku radi ilipopiga mti, mwingine wa siku farasi wa kijivu alipokufa. Blixen aliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mimi naliona kuwa utaratibu kamili wa kutunza maarifa, wa mtu aliyekulia katika jamii ambayo marika na miaka vilipewa majina kwa matukio. Hakuikosea hesabu yake. Kwa kila Kamante aliyeandikwa, walikuwapo mamia katika majiko ya Norfolk, Torr's, Muthaiga na hoteli ya reli, waliozijua sosi za Kifaransa kwa ulimi na kwa mkono, na ambao majina yao yalikuwa kwenye kipande tu.

Nimeitaja Muthaiga. Klabu hiyo ilifunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, kilomita chache nje ya mji, kwa ajili ya walowezi ambao hawakutaka kukaa na maafisa wa serikali katika Nairobi Club. Uhuni wake umeandikwa kupita kiasi na hauniongezei jambo. Miji midogo ilikuwa na nakala zake: White Rhino kule Nyeri, Stag's Head Nakuru, Pioneer kule Eldoret. Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker alijenga Outspan kule Nyeri, na mwaka 1932 akaongeza Treetops, kibanda juu ya mti wa mugumo ambapo wageni walitazama ndovu wakinywa maji usiku. Mugumo ni mti ambao Wakikuyu waliutolea sadaka. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala juu yake, na usiku huo baba yake akafariki. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau walikichoma kibanda hicho.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 24 Aprili 1954, jeshi la Waingereza lilikuwa limeizingira Nairobi katika operesheni ya kuwasaka Mau Mau iliyoitwa Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kambini. Waliondolewa mitaani, kwenye karakana na majikoni, na waajiri walioamka asubuhi walikuta hakuna wa kuwasha moto wa chai. Ni mwaka huohuo ambao soko la hisa la Nairobi lilisajiliwa. Halikuwa na jengo. Madalali walikutana New Stanley na kufanya biashara wakinywa kahawa. Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kununua hisa humo. Kwa hiyo hoteli ilikuwa imekuwa bunge, kisha ukumbi wa dansi, na sasa soko la mitaji, na bado aliyesimama alikuwa yuleyule.

Mlango ulifunguka polepole, nao ulifunguka kwa kusukumwa. United Kenya Club, iliyoanzishwa 1946 ili watu wa rangi zote wale pamoja, ilikuwa mahali pamoja tu katika mji mzima. Mgomo mkuu wa Mei 1950, uliofuatia kukamatwa kwa viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai, uliwaonyesha waajiri jinsi mji unavyokaa bila mikono ya watu wake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 hoteli kubwa zilianza kumpokea Mwafrika mwenye fedha na tai, mmojammoja, watu wakigeuza shingo kumtazama. Chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini kilikua katika miaka hiyohiyo, na mrithi wake, KUDHEIHA, bado anawaunganisha yaya, mpishi wa hospitali na mhudumu wa hoteli katika chama kimoja.

Baada ya uhuru mitaa ilibadilishwa majina. New Stanley ikajikuta iko kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street, na sanamu ya Delamere iliyokuwa imesimama mbele yake ikaondolewa na kupelekwa shambani kwa familia, Soysambu. Norfolk ikajikuta iko Barabara ya Harry Thuku. Nafurahi kwamba anwani hiyo huandikwa kwenye kila ankara anayopewa mgeni.

Mabadiliko makubwa zaidi kwangu, hata hivyo, yalikuja mwaka 1975, kando ya Barabara ya Thika, serikali ya Kenya kwa msaada wa Uswisi ilipofungua Chuo cha Utalii. Vijana wa Kenya walianza kufundishwa upishi, huduma ya mezani, mapokezi na uongozi wa hoteli, wakipewa vyeti vyenye majina yao, na baadhi yao wakarudi Norfolk na New Stanley wakiwa mameneja. Wengine walikuwa wana na wajukuu wa wale waliovaa kanzu. Darasani walifundishwa kutengeneza sosi ya siagi na mayai kwa vipimo vya gramu na mililita, na nyumbani walikuwa na mzee wa miaka sabini aliyeitengeneza kwa mkono kwa miaka arobaini, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mbele ya darasa aeleze alivyofanya.